Kila Juma Kidole Kimoja

Kolwezi, Jumamosi 11 Oktoba 1975

Leo Kisimba ameniambia kwamba nina sukari katika mkojo, nami nimemwambia kwamba hana adabu.

Naeleza ilivyokuwa. Tangu mwezi wa nane kiu hainiachi. Namaliza mtungi kwa siku, na kidonda kidogo kwenye kidole cha mguu wa kushoto, kilichotokana na kiatu, kimekataa kupona. Mke wangu Mbelu ndiye aliyenisukuma niende kwa Kisimba. Kijana huyu ni muuguzi wa zahanati hapa mtaa wa Manika; nilimfundisha kusoma na kuandika katika darasa la pili, na mara moja nilimchapa kwa kula chaki.

Alimimina maji ya buluu ndani ya kichupa chembamba cha kioo, akadondosha matone ya mkojo wangu, akakishika kwa kibanio juu ya moto wa spiriti. Nilitazama kama mwanafunzi. Buluu ikawa kijani, kijani ikawa njano, njano ikawa rangi ya chungwa, mwishowe ikatulia rangi ya tofali lililochomwa vizuri.

"Tata Mwalimu," akasema, "ile buluu ni shaba. Shaba kama hii ya mu udongo yetu. Kama mukojo haina sukari, inabakia buluu. Kama iko na mingi, inageuka tofali. Munaona mweye mwenyewe."

Miaka thelathini na minne nimewafundisha watoto wa wachimba shaba, na leo shaba imesimama kunishtaki.

"Muko na kilo ngapi, Tata?"

Hapo ndipo nilipomwambia hana adabu.

Nyumbani nilimwapisha Mbelu kwa kaburi la mama yake kwamba hatamwambia mtu. Sababu yangu naiandika hapa tu. Kwenye vilabu vya bia watu wana msemo: bwana ya sukari ni dada ya bibi yake. Maana yake ni kwamba kitandani kwa mkewe hana kazi tena. Mimi nimekuwa mkuu wa shule. Sitakuwa dada wa mtu.

Jumapili 12 Oktoba

Misa. Joto. Vumbi la mgodi wa Mashamba juu ya kila kitu. Kiu.

Jumatano 15 Oktoba

Kisimba amekuja nyumbani baada ya giza, kwa ombi langu, kuniletea masharti. Nilitegemea orodha ya makatazo, nikajitayarisha kumfukuza. Badala yake alisema:

"Tata, musiache kila kitu siku moja. Bale banaacha yote leo, kesho kutwa banarudia yote. Sukari ya chai, munaweka vijiko ngapi?"

"Vitano."

"Juma hii, vine. Juma ingine, vitatu. Kutembea, mwende mupaka ku pembe ya barabara na kurudia. Juma ingine, muongeze nyumba mbili. Na bukari ya kula, Mama Mbelu atajua."

"Na vidonge?"

"Bidonge haiko. Tangu reli ya Angola ifungwe, haiko kitu. Na hata ingekuwa, haisaidie kinywa yenye haifungwe."

Ni kweli kuhusu reli. Sokoni sukari imeadimika, wanawake wanapigania kilo moja. Imekwisha mjini kote isipokuwa ndani yangu. Jambo hili limenikasirisha jioni nzima, ingawa sijui nimkasirikie nani.

Jumamosi 18 Oktoba

Mkojo unapaswa kupimwa kila Jumamosi. Kwenda zahanati siendi: pale nje kuna benchi refu, na kila anayekaa huulizwa na jirani yake amekuja na nini. Kisimba amekubali kupima nyumbani kwake. Lakini hata nyumbani kwake, mtu akiniona kila juma atauliza. Kwa hiyo Mbelu amepeleka chupa, ameiviringisha ndani ya kitenge, baada ya salongo, kazi ya lazima ya Jumamosi, watu wakiwa wamechoka kwa kufagia barabara.

Amerudi: tofali.

Alhamisi 23 Oktoba

Mvua ya kwanza. Harufu ya udongo imeniletea njaa kubwa kuliko harufu ya nyama. Nimegombana na Mbelu juu ya chumvi, na chumvi haikuwa na kosa.

Jumamosi 1 Novemba

Nimemkamata.

Niliingia jikoni kuchukua maji nikamwona ameinama juu ya bukari yangu. Kwa mgeni asiyejua, bukari ni unga wa mahindi uliosongwa ukawa mgumu, nao hufinyangwa ukawa mviringo kama kichwa cha mtoto mchanga. Ya kwangu ilikuwa kama kichwa cha mtu mzima; huo ndio ukubwa wa mwenye nyumba. Mbelu alikuwa ameweka kidole chake cha shahada pembeni ya bukari, kama fundi anayepima ubao, na kwa kijiko chenye maji alikuwa akikata kipande cha upana ule ule.

"Unaniibia chakula changu?"

Hakushtuka. "Kila juma kidole moja, Tata Ndaya. Hii ni ya tatu."

(Ndaya ni binti yetu mkubwa, ameolewa Lubumbashi. Tangu azaliwe, mke wangu huniita kwa jina lake: Tata, yaani baba, wa Ndaya.)

"Na hukuniambia?"

"Ningekuambia, ungesikia njaa tangu juma ya kwanza. Sasa ulisikia lini?"

Nimekula kwa hasira. Nilipomaliza, nilikuwa nimeshiba, na hilo limeniudhi zaidi.

Jumatatu 10 Novemba

Tofali bado. Vijiko viwili. Nimefika kwenye duka la Mgiriki na kurudi, kwa miguu.

Jumapili 16 Novemba

Mvua. Uyoga sokoni. Sijaongea na mtu.

Jumamosi 29 Novemba

Rangi ya chungwa!

Nimetembea hadi steshoni kabla ya jua. Mlinzi wa mizigo ni mwanafunzi wangu pia. Aliniruhusu kusimama juu ya mizani ya magunia bila kuuliza neno. Mwezi wa kumi nilikuwa na kilo mia na nne. Leo tisini na nane. Suruali naishikilia kwa mkono.

Mbelu hupika sombe, majani ya muhogo, bila mawese mengi, huongeza mboga ya lengalenga na samaki mkavu, na bukari sasa ni kama ngumi tatu. Ninachukia kukiri kwamba nalala usiku mzima.

Alhamisi 25 Desemba

Noeli si siku ya mapumziko tena, serikali imeamua. Watu wameenda kazini, na padri amesoma misa ya jioni. Hata jina langu la ubatizo, Louis, haliruhusiwi. Mimi ni Badibanga peke yake. Nimezoea kupunguzwa.

Lakini nilichotaka kuandika ni hiki. Baada ya misa, Tata Mulumba, mkubwa wetu sisi watu wa Kasai hapa Manika, zamani kapita, yaani msimamizi, wa mgodini, mtu mwenye tumbo linalomtangulia mwenyewe dakika moja, amenishika mkono mbele ya wote.

"Mwalimu! Unaishia wapi? Bibi yako alifunga jiko?"

Wakacheka. Nami, kwa kuogopa swali linalofuata, nikasema: "Mama Ndaya anabana unga. Anafikiri tuko katika vita."

Wakacheka zaidi. Mbelu alikuwa nyuma yangu. Njiani alibaki nyuma yangu hadi mlangoni, nami nikafikiri amechoka.

Jumamosi 3 Januari 1976

Njano. Kilo tisini na tatu. Kidonda cha mguu kimefunga kabisa, ngozi ni ya waridi kama ya mtoto.

Jumamosi 10 Januari

Kijani. Kisimba amemwambia Mbelu tukae hapa hapa, bukari isipungue tena: ngumi mbili zinatosha.

Dada yangu Bilonda amefika kwa treni kutoka Fungurume, ambako huuza unga na samaki kwa madereva wa malori. Ni mkubwa wangu kwa miaka saba. Ndiye aliyenibeba mgongoni mama alipokufa. Ndiye aliyelipa shule yangu kwa kuuza mihogo. Aliweka kapu lake mlangoni, akanitazama, akaketi chini akaanza kulia kama tunavyolia msibani.

"Yaya, sijafa," nikamwambia dada yangu mkubwa.

"Badi, mutoto ya mama! Ile nguo njo inakuvaa, haiko weye unaivaa! Ni nini iko inakukula?" (Njo, kwa lugha ya hapa, ni ndiyo.)

"Ninatembea sana siku hizi."

"Bantu bote banatembea. Njo bakonde vile?"

Jumatano 14 Januari

Mvua siku nne mfululizo. Bilonda anahesabu mifupa ya uso wangu wakati wa kula. Anamtazama Mbelu akikata bukari.

Jumamosi 17 Januari

Kalamu imetoboa karatasi mara mbili, na ni kwa hasira.

Lazima nieleze kwanza. Kwetu Waluba wa Kasai kuna sheria iitwayo tshibawu. Mke akilala na mwanaume mwingine, au hata akipokea kitu kwa mwanaume kwa siri, kisha akanyamaza na kuendelea kumpikia mumewe, chakula chake humla mume kutoka ndani. Mume hukonda, hukauka, hufa. Dawa ni moja: mke akiri mbele ya ukoo, ataje jina, atakaswe. Akikataa, hurudishwa kwao. Mimi ni mtu wa shule. Watoto waliponiuliza juu ya jambo hili niliwaambia ni hofu ya wazee. Lakini najua jinsi linavyoshika. Mtu aliyezaliwa kwetu, akimwona mume anakonda bila homa, haulizi kama ni tshibawu. Anauliza na nani.

Asubuhi Mbelu alitoka na chupa. Kwenye pembe ya barabara kuna Ernestine, auzaye maandazi, ambaye macho yake hayana Jumapili. Ernestine alimwambia Bilonda: mke wa Mwalimu, kila Jumamosi tangu kabla ya mvua, anaingia nyumbani kwa Kisimba na kitu kimefichwa ndani ya kitenge, anakaa kidogo, anatoka. Kisimba hana mke. Alifiwa mwaka juzi. Na si mtu wetu, ni wa kaskazini mwa Katanga.

Bilonda alimngoja Mbelu mlangoni.

"Ulitoka wapi?"

"Nilitembea."

"Unamupelekea nini ule bwana? Chakula ya ndugu yangu, njo unamupelekea? Mu kitenge kulikuwa nini?"

Mbelu alinitazama. Nilikuwa nimeketi hapa, penye meza hii, kalamu mkononi. Alinitazama muda ambao mtu angeweza kusema: Yaya, ni mkojo wangu. Maneno matano hayafiki. Nikajiambia, nitasema jioni, Bilonda akitulia. Nikajiambia, Ernestine yuko nje anasikiliza. Nikajiambia mambo mengi.

"Yaya, mwache," nikasema. Hivyo tu. Kama mtu anayetuliza watoto.

"Nikiacha, utakufa!" Bilonda akapiga kelele. "Mbelu, sema jina! Sema, tukuoshe, ndugu yangu apone!"

Mbelu akasema: "Sina jina ya kusema."

Nimemkasirikia Ernestine. Nimemkasirikia dada yangu kwa ujinga wake. Nimemkasirikia hata Kisimba kwa kufiwa na mke.

Jumapili 18 Januari

Bilonda amechukua jiko. Mbelu haruhusiwi kugusa sufuria yangu, kwa maana chakula chake ndicho kinaniua. Ameambiwa asikaribie hata maji yangu ya kunywa.

Bukari ya leo ilikuwa kama kichwa cha mtu mzima. Nyama ya nguruwe. Mawese yalikuwa yakitiririka. Bilonda alisimama juu yangu. "Kula, Badi. Kula, nikuone."

Nimekula yote.

Jumatano 21 Januari

Chai, vijiko vitano. Bilonda amepata sukari, sijui wapi. Ametembea soko zima kwa ajili yangu, kwenye matope, na magoti yake ni mabovu.

Jumapili 25 Januari

Nimekula.

Ijumaa 30 Januari

Kiu imerudi.

Jumamosi 7 Februari

Hakuna kipimo kwa juma la tatu, maana Mbelu haruhusiwi kutoka bila Bilonda. Siku hizi anapika chakula chake kwenye jiko dogo la makaa, uani, chini ya bati, na mvua inamrushia. Anakula peke yake. Hali chakula kingi. Naona bado anaweka kidole pembeni ya bukari yake, kwa mazoea.

Nilimfuata uani Bilonda alipokuwa sokoni.

"Mama Ndaya, ungeweza kuwaambia. Mimi nisingekasirika."

Hakuinua macho kutoka kwenye sufuria. "Mi niliapa. Weye haukuapa."

Nimerudi ndani. Nilitafuta hoja ya kujibu hilo. Nimefundisha hoja kwa miaka thelathini na minne.

Jumatatu 16 Februari

Bilonda amezungumza na Tata Mulumba. Ukoo utakaa tarehe 29, nyumbani kwake. Mbelu akiri, au apandishwe treni ya Mwene-Ditu, kwao, baada ya miaka thelathini na sita ya ndoa. Dada yangu ameniletea habari hii kwa upole, huku akinikandia chikwanga, mkate wa muhogo, kama mtu anayemletea mgonjwa habari ya dawa.

Kidonda cha mguu kimefunguka tena.

Jumamosi 21 Februari

Leo nimekwenda mwenyewe zahanati. Nilikaa kwenye benchi kati ya mama mwenye mtoto wa surua na mchimbaji mwenye mkono uliofungwa. Mchimbaji aliniuliza: "Na mweye, Tata?" Nikasema: "Mguu." Hata pale.

Kisimba hakuniamkia. Alichukua mkojo, akaupasha moto. Haukupita njia ndefu. Uliruka moja kwa moja hadi tofali. Kisha akafungua kitambaa cha kidole changu, akakinusa, akakaa kimya. Nilimfundisha mtoto huyu kukaa kimya. Sikujua kwamba siku moja ukimya huo angeutumia kwangu.

"Tata Mwalimu. Bantu banapita mu njia banasema niko na bibi yenu. Wagonjwa bamoja bameanza kukataa nibaguse. Nilinyamaza, sababu mulinifundisha. Lakini hii kidole, kama munaendelea kula vile, mwezi ya nne watakata. Kisha mguu. Sasa muniambie: mutamutoa Mama Mbelu, na mutatoa mguu, yote mbili, juu ya kuona haya?"

"Usiniseme hivyo."

"Mutanichapa?"

Nilitoka. Nilitembea hadi steshoni, kwenye mvua, na huko nikasimama juu ya mizani: tisini na saba. Nikiwa juu ya chuma kile nilijaribu kupanga hasira yangu kama ninavyopanga somo. Ernestine alisema alichoona, na alichoona kilikuwa kweli. Bilonda alifanya anachojua kumfanyia ndugu anayekauka: amempikia. Kisimba alificha siri niliyomwomba afiche. Mbelu aliapa kwa sababu nilimwapisha. Kila nilipopeleka hasira, ilirudi na kunikuta mlangoni.

Jumapili 29 Februari

Mwaka huu una siku hii ya ziada, na ingekuwa bora usingekuwa nayo.

Tulikuwa watu kama ishirini sebuleni kwa Mulumba. Mvua ilipiga bati kiasi kwamba ilibidi kusema kwa nguvu, hata mambo ambayo mtu angependa kuyanong'ona. Mbelu aliketi kwenye mkeka, peke yake, mikono juu ya magoti. Bilonda alisimulia yote: kukonda, kitenge, Jumamosi. Alisimulia bila kuongeza uongo hata mmoja.

Mulumba akauliza: "Mama Mbelu, unasema nini?"

"Sina jina ya kusema."

"Basi treni ya Jumanne," akasema mzee mmoja.

Nikasimama. Nilikuwa nimekuja na mfuko: jiko la spiriti, kichupa, maji ya buluu niliyopewa na Kisimba, na daftari hili. Nilidhani ningeweza kuwafundisha. Niliwaeleza shaba na sukari, nikawasomea rangi kwa tarehe: Oktoba tofali, Novemba chungwa, mwanzo wa Januari njano, kisha kijani, wakati Mbelu akinipikia. Kisha nikawasha moto, nikapasha mkojo wangu wa asubuhi, baada ya juma sita za jiko la dada yangu. Wote waliinama kutazama. Tofali.

Bilonda akaruka. "Munaona? Damu! Ni tshibawu inageuka damu! Ukweli imetoka!"

Na sebule nzima ikaguna, kwa kuwa kweli ilionekana kama damu. Hapo nilielewa kwamba nilikuwa bado najificha. Safari hii nilikuwa nimejificha nyuma ya kichupa. Niliwapa somo ili nisiwape neno.

Nikazima moto.

"Yaya, mi niko na ugonjwa ya sukari. Tangu mwezi ya kumi. Mi njo nilikuwa namutuma Mama Ndaya ku nyumba ya Kisimba na mukojo yangu mu chupa, sababu nilikuwa na haya ya kukaa ku benchi na bantu. Mi njo nilimuapisha anyamaze. Alikuwa anapunguza bukari yangu ili nisikufe. Nilikonda sababu alinitunza. Ile siku ya Noeli, nilisema anabana unga. Ilikuwa uongo."

Kisha, kutoka nyuma, sauti ya kijana: "Kumbe dada ya bibi yake!" Na vicheko viwili vitatu.

Ndicho nilichokiogopa kwa miezi mitano. Nilingoja nione kitanifanya nini. "Njo vile," nikasema. "Hata ile munafikiri, ni kweli pia. Sasa mujue yote."

Vicheko vikakatika.

Bilonda alikuwa ananitazama kama siku ile mlangoni, lakini hakulia. "Juma sita," akasema polepole. "Juma sita nilikuwa nakulisha. Ulikuwa unajua ni sumu, ukala mu mikono yangu? Mi nilikubeba mu mugongo, Badi. Ungeniacha nikuue mi mwenyewe?" Akanipiga kofi la shavu, mbele ya ukoo, mimi mtu wa miaka sitini na moja. Hakuna aliyemzuia. Ningekuwa mimi Mulumba, nisingemzuia pia.

Mbelu akasimama, akafunga kitenge chake upya.

"Mumemaliza?" akauliza. Hakumwuliza yeyote hasa. Akatoka, akaenda nyumbani kwa miguu, kwenye mvua, bila mwavuli.

Mlangoni Mulumba alinivuta kando. Alinong'ona, tumbo lake likinigusa: "Mwalimu, ile kiu… inaanza namna gani?"

Jumatano 3 Machi

Ukoo umemtoza Bilonda mbuzi na kitenge kwa kumsingizia mke wa mtu, kama sheria inavyotaka. Mbelu amepokea. Wamekaa pamoja uani kwa muda mrefu, wakichambua sombe, wanalia na kucheka. Nilipotokea waliinamia majani.

Mimi sikutozwa kitu. Sheria yetu haina faini ya mume anayenyamaza. Nimeitafuta.

Jumapili 7 Machi

Mbelu ananiita Mwalimu. "Mwalimu, maji iko tayari." Kama wapita njia wanavyoniita.

Ananipikia, lakini haniandalii. Bukari inakuja mezani nzima, ya nyumba nzima, na kijiko pembeni. Anaketi mbali.

Jumapili 14 Machi

Nimekata mwenyewe. Kubwa mno. Nimerudisha. Kidogo mno. Bilonda amecheka kwa mara ya kwanza, kisha akakumbuka amekasirika.

Jumamosi 20 Machi

Nimekaa kwenye benchi. Nimesema sukari. Kidole kinafunga, Kisimba anasema tutakiokoa. Ameniamkia.

Jumamosi 3 Aprili

Mvua inakwisha. Jana hakukuwa na tone, na vumbi la Mashamba limeanza kurudi juu ya madirisha.

Zahanati haipimi tena Jumamosi, kwa hiyo nimekwenda nyumbani kwa Kisimba, kama alivyokuwa akienda Mbelu. Nimebeba chupa mkononi, bila kitenge, bila karatasi. Kwenye pembe, Ernestine aliinuka nyuma ya beseni lake la maandazi.

"Mwalimu! Munabeba nini? Bia ya asubuhi?"

"Mukojo yangu, Mama Ernestine. Mutaonja?"

Watu wa salongo waliegemea mifagio yao wakacheka, na Ernestine akajifunika uso. Niliendelea na safari. Nilikuwa bado na hasira, lakini sasa ilikuwa inatembea nami badala ya kunibeba.

Njano. Tunashuka tena.

Mezani mchana, bukari nzima. Bilonda anaondoka kesho kwenda Fungurume. Aliketi kati yetu. Mbelu alisema, bila kunitazama:

"Balikuuliza mu njia?"

"Baliniuliza."

"Ulijibu nini?"

Nikamwambia. Bilonda akapaliwa na maji. Mbelu hakucheka, lakini alisogeza kiti chake karibu.

Nilichukua kijiko, nikaikata sehemu yangu kama ile ya juma lililopita. Kisha nikaweka kidole changu cha shahada pembeni yake, kama nilivyomwona akifanya, nikaondoa upana wa kidole kimoja, nikamsukumia sahani aione. Akalowesha kijiko, akaweka kidole chake mwenyewe palipokuwa changu, akakata tena kipande chembamba, akakirudisha kwenye bukari ya wote.

"Kidole yako ilikonda," akasema. "Haiko tena kipimo. Kula sasa, Tata Ndaya, itapoa."